Deni la Msomi Aingiapo Sokoni

Katika lugha yetu mtu anayejifunza kazi kwa fundi huitwa mwanagenzi. Jina hilo si la kumdhalilisha. Mwanagenzi hukaa na fundi wake, hushika randa baada ya kuiona ikishikwa, huharibu ubao akasamehewa, na siku ya kuhitimu, kwa desturi ya watu wa pwani, humpa fundi kilemba, yaani zawadi ya kukiri kwamba ujuzi alio nao hakuzaliwa nao. Kijana atokaye chuoni leo na kuingia katika kazi ya biashara hana mtu wa kumpa kilemba. Amelipa ada, amefanya mtihani, amepewa cheti. Je, anadaiwa na mtu? Na ikiwa anadaiwa, deni hilo atalilipaje hali kazi yake yenyewe ni kutafuta faida?

Chuo cha Elimu ya Biashara kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, jawabu la swali hili halikuwa gumu. Nchi ilikuwa changa, na wananchi waliojua kuendesha biashara kubwa na kutunza hesabu zake walikuwa haba. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, aghalabu aliyehitimu masomo hayo aliingia katika shirika la umma. Kukua kwake kikazi na kulitumikia taifa vilikwenda njia moja, au ndivyo ilivyotarajiwa. Mwalimu Nyerere alizoea kumfananisha msomi na mtu aliyepewa na wanakijiji wenye njaa chakula chao cha mwisho, apate nguvu za kwenda mbali kuwatafutia kingine. Akila asirudi, huyo ni msaliti. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, alijibu kwa kuwarudisha makwao na kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Twaweza kubishana kuhusu ukali wa hatua ile, lakini hatuwezi kusema kwamba hakuielewa maana ya deni.

Mambo yamebadilika. Kuanzia miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma yalibinafsishwa, na mhitimu wa biashara leo huajiriwa na kampuni ya mtu binafsi, au hujiajiri. Tena, tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanza kazi mwaka 2005, vijana wengi hudaiwa kwa shilingi, na makato huonekana katika hati ya mshahara. Basi husikika wakisema: sisi tunalipa, tena kila mwezi, mnatudai nini zaidi? Hoja hii si ya kudharauliwa. Hata hivyo inachanganya mambo mawili. Mkopo ni fedha, na fedha hurudishwa. Lakini mkulima ambaye kodi yake ilijenga shule ya msingi aliyosoma kijana huyu hayumo katika daftari la Bodi, wala hapana fomu ya kumlipa. Huyo hukutana na msomi mahali pamoja tu, nako ni sokoni.

Tuchukue mfano tunaoujua sote. Kijana ameajiriwa na mfanyabiashara wa mazao, naye anapelekwa Njombe kununua viazi. Chuoni alifundishwa kukokotoa gharama na faida, na alifundishwa vizuri. Anapofika shambani anakuta desturi ambayo haikuwamo katika mtihani: lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezwa kipande cha gunia jingine juu, linashonwa likiwa na nundu kama ya ng'ombe, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza. Kikomo cha uzito ni kilo 100. Ikiwa kila gunia limebeba kilo 130, mkulima aliyeuza magunia kumi ametoa kilo 300 bure, yaani magunia matatu kamili. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya. Msomi wetu ameifanya akiwa bado garini.

Hapa ndipo penye ugumu, nasi hatutaki kuupita haraka. Mzee anayemwongoza kijana huyu katika safari ile ni mnunuzi wa miaka mingi. Kwa kukitazama kiazi anajua kama kitafika Dar es Salaam kizima; anajua dereva yupi ni wa kuaminiwa na mvua ipi itafunga barabara. Hayo hayamo vitabuni, na kijana asiyekubali kuwa mwanagenzi wa mzee kama huyo atabaki na cheti chake tu. Wako wahitimu wengi walioharibikiwa kwa sababu waliona haya kumwuliza mtu aliyeishia darasa la saba. Lakini mzee huyo huyo, kwa mkono ule ule, ndiye anayemwonyesha mahali pa kushonea nundu. Je, unyenyekevu wa mwanagenzi unafika wapi?

Wengine watajibu kwamba desturi ni desturi, na biashara haigombi. Sisi twaona methali hiyo inatumiwa vibaya. Inamkataza muuzaji kugombana na mteja. Haimwamuru mtu kunyamazia udanganyifu. Jibu lenye uzito zaidi ni la yule asemaye: nikikataa mimi, atanunua mwingine, mkulima hatapona nami nitakosa kazi. Tukubali kwamba asema kweli kwa sehemu. Ushuru na upakiaji vikihesabiwa kwa gunia, gunia kubwa lina faida kwa kila mtu isipokuwa aliyelilima, na kijana mmoja hawezi kuuvunja mpango huo kwa moyo safi peke yake. Lakini kutoweza kuuvunja si sawa na kuwa fundi wake. Kuna jambo analoliweza, nalo ni lile hasa alilosomeshwa: kupima na kuandika. Mizani ikiwekwa shambani na bei ikitajwa kwa kilo, hasara ya mkulima haina pa kujificha. Mwajiri anaweza kukasirika. Anaweza pia kugundua kwamba wakulima wanamwekea yeye viazi vizuri, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na mkulima naye ana mali yake. Hatuwezi kuahidi lipi litatokea.

Hatusemi kwamba kijana huyo amsute mzee mbele ya watu. Adabu yetu haipendi hivyo, na mzee alijifunza lumbesa kwa fundi wake naye. Tunachosema ni kwamba siku si nyingi kijana atapanda cheo, na msimu mwingine utakapofika atatumwa Njombe pamoja na mhitimu mpya, mwenye viatu safi na kalamu mfukoni. Huyo atasimama karibu naye pembeni mwa shamba, sindano ya magunia mkononi, na kumwuliza ashone wapi.