Kibarua wa Saa Kumi na Moja

Neema, katika mafundisho ya Kikristo, ni wema wa Mungu ambao mtu hajaufanyia kazi. Yesu aliufundisha kwa jambo la kila siku, ajira ya kutwa. Katika Mathayo 20, mwenye shamba la mizabibu anachukua vibarua asubuhi na mapema kwa mapatano ya dinari moja, ujira wa kawaida wa siku. Anarudi tena saa tatu, saa sita, saa tisa na hata saa kumi na moja. Saa hizo huhesabiwa tangu macheo, kama Waswahili wanavyohesabu hadi leo. Wa mwisho, basi, walifanya kazi saa moja tu. Jioni kila mmoja anapewa dinari.

Wa kwanza wananung'unika, na mtu hawezi kuwalaumu upesi, kwani wamechomwa na jua kutwa. Lakini hawakupunjwa hata senti. Kinachowauma ni fungu la wenzao. Nao wa mwisho hawakuwa wavivu: walipoulizwa, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hali hiyo anaijua yeyote aliyewahi kusubiri nje ya saiti ya ujenzi akaona wenye misuli wakiitwa kwanza. Watoto wa aliyebaki hula sawa na wa aliyeitwa mapema.

Mathayo anauweka mfano huu mara baada ya Petro kuuliza wanafunzi watapata nini kwa kuacha vyote, swali la mtu anayehesabu saa zake.