Mwenye Fungu Dogo Naye Ni Mwenye Mali

Dominika moja baada ya sala mzee mmoja wa hapa Nyangwe alinisubiri chini ya mwembe. Tulipokwisha kusalimiana akaniambia: "Mwalimu, mtoto wangu yuko Ubelgiji, anafanya kazi. Amenipigia simu kusema kwamba akiba yake ameinunulia hisa za kampuni moja inayotoa iodini katika maji ya chumvi ya visima vya petroli. Kila usiku yeye na wenzake wanabishana: mmoja asema bei itapanda, mwingine asema itashuka. Basi nakuuliza wewe uliyesoma seminari: mtoto huyu anafanya biashara, au anacheza kamari? Na faida ikija, naweza kuila kwa dhamiri safi?"

Sikumjibu papo hapo. Swali lake si dogo, wala si la mtu mmoja. Siku hizi mwenye simu aweza kuwa mwenye mali katika nchi asiyoijua, kwa fedha isiyozidi bei ya mbuzi. Yafaa tulichunguze pamoja.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, maana kazi mbaya haizai faida safi. Iodini ni kitu ambacho mwili wakihitaji kidogo sana. Ukiigawa gramu moja katika sehemu milioni, mtu mzima atosheka na sehemu 150 kwa siku, na mama mwenye mimba 250. Lakini kidogo hicho kikikosekana, shingo yavimba kwa ugonjwa wa rovu. Mama mwenye mimba akikikosa sana, mtoto aweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, pengine bubu na kiziwi. Sisi Wakongo twaijua habari hii. Kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, kilijulikana kwa wingi wa marovu, hata waganga wakaenda kuuchunguza ugonjwa huo katika miaka ya 1960 na 1970. Waliona upungufu wa iodini, tena waliona kwamba mihogo michungu isiyolowekwa vema huuzidisha ugonjwa. Ndiyo sababu chumvi ya kula hutiwa iodini.

Hupatikana wapi? Chile huitoa katika mawe ya jangwani, nayo ndiyo ya kwanza duniani. Japani huitoa katika maji ya chumvi yatokayo chini pamoja na gesi. Huko Oklahoma, Marekani, visima vya petroli hutoa maji mengi ya chumvi pamoja na mafuta. Kwa wenye visima maji hayo ni takataka, nao huyasukuma tena chini ya ardhi. Lakini ndani yake mna iodini. Basi kampuni nyingine hujenga mtambo karibu na visima, huyapokea maji yale, huyatia asidi na klorini ili iodini ijitenge, huitoa kwa kupuliza hewa, na mwishowe hupata chembe nyeusi zenye kung'aa. Maji yaliyobaki hurudishwa chini. Kampuni iitwayo Iofina, ambayo hisa zake zilianza kuuzwa London mwaka 2008, imejenga mitambo ya namna hiyo.

Kuokota kilichotupwa na kukifanya dawa ni kazi njema. Hapa hatuoni dhambi.

Pili tuulize: kupata faida ya kazi ambayo mkono wako haukuifanya, je, si riba? Tuseme watu watatu wa Nyangwe wamechanga fedha kununua mtumbwi mkubwa wa kuvushia watu Lualaba. Mmoja ni Mgenya, ndiye apigaye kasia. Wawili wakaa nyumbani. Mtumbwi ukileta fedha, wote wagawana. Ukipasuka juu ya jiwe, wote wapata hasara. Sasa mfikirie mtu wa nne, aliyewakopesha fedha. Huyo ataka fedha yake pamoja na nyongeza, mtumbwi uelee au uzame. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliwatofautisha watu hawa zamani sana. Alifundisha kwamba anayetia mali yake katika ushirika na mfanyabiashara bado ni mwenye mali ile, hatari yake ni juu yake, kwa hiyo ana haki ya sehemu ya faida. Na Papa Benedikto XIV, katika waraka wake wa mwaka 1745 juu ya riba, alikaza kwamba mkataba wa kukopesha si sawa na mikataba mingine iliyo halali. Hisa ni fungu katika mtumbwi. Si riba.

Wala si kamari kwa asili yake. Katika kamari hakuna kinacholimwa wala kinachopikwa. Ninachokula mimi ndicho ulichopoteza wewe. Mtumbwi huvusha watu kwelikweli, na mtambo hutoa dawa kwelikweli. Lakini yuko mtu anayenunua fungu lake asubuhi ili aliuze jioni, asijali mtumbwi wabeba nini wala waenda wapi. Huyo amekaribia meza ya kamari. Baada ya tetemeko la ardhi la Japani mwaka 2011 bei ya iodini ilipanda sana, kisha katika miaka iliyofuata ikateremka sana. Tena kampuni inayotegemea maji ya visima vya wengine hupata maji wenye visima wakichimba, na huyakosa wakiacha. Mwenye kununua hisa kwa kuwa jirani yake amenunua hakuyajua hayo, naye hushangaa hasara imetoka wapi.

Hapo twafika penye kiini cha swali. Kama hisa si riba kwa sababu mwenye hisa ni mwenye mali, basi na atwae uzito wote wa neno hilo. Hawezi kuwa mwenye mali siku ya kugawa faida, kisha akawa mgeni siku ya kuulizwa habari.

Turudi mtoni. Yule Mgenya aanza kupakia watu thelathini katika mtumbwi wa watu ishirini. Faida yaongezeka. Mwenye fungu aliyekaa nyumbani apokea fedha nyingi kuliko jana, na ajua sababu yake, maana mkewe aliuona mtumbwi pwani. Anyamaza. Siku mtumbwi ukizama, je, aweza kusema, "Mimi sikupiga kasia"? Watu wa kijiji hawatalikubali neno hilo, na Mungu, ajuaye kwamba alijua, hatalikubali.

Najua jibu la kijana wetu wa Ubelgiji. Atasema: "Mwalimu, mtumbwi una wenyewe watatu, kampuni ina maelfu. Mimi ni mdogo. Nikisema, nani atanisikia?" Neno hili lina ukweli ndani yake, nami silidharau. Anayejua kidogo na kuweza kidogo hahukumiwi sawa na mkubwa anayejua yote. Lakini angalia: wadogo maelfu wakisema kila mmoja, "Mimi ni mdogo," mtumbwi unakuwa hauna mwenyewe. Papa Pio XI aliuona ubaya huo. Katika waraka wake wa mwaka 1931 alilalamika kwamba watu wengine hutenda udhalimu mkubwa wakijificha nyuma ya jina la kampuni, na kwamba wakuu wengine huwasaliti waliowaamini kwa akiba zao. Naye Papa Yohane Paulo II alifundisha mwaka 1991 kwamba kuchagua mahali pa kutia mtaji ni jambo la maadili sikuzote, wala si hesabu tupu.

Sisi wa Nyangwe tungepaswa kulielewa hilo kuliko wengine. Hapa palikuwa na soko kubwa kando ya Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa mfanyabiashara Dugumbe walifyatua bunduki sokoni, na mamia ya watu, wengi wao wanawake, wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Livingstone alikuwapo, akayaandika. Biashara ya pembe na watumwa ya siku zile iliendeshwa sana kwa mali ya kukopa. Matajiri wa Unguja walitoa nguo, shanga na bunduki, wakangoja miaka pembe zirudi. Tippu Tip mwenyewe, aliyetawala Kasongo, alipata mali kwa tajiri Taria Topan. Sisemi haya ili kulaumu kabila wala dini. Waliotenda na waliotendwa wamekwisha kufika mbele ya Mungu. Nasema hivi tu: wako waliokaa barazani Unguja wakihesabu pembe, wasiuone mto huu hata siku moja. Waliuliza, "Pembe ngapi?" Walioulizia watu walikuwa wachache mno.

Na kama 1871 ni zamani, tutazame Namoya, hapo Kabambare. Kampuni ya Kanada iitwayo Banro, yenye hisa zilizouzwa Toronto, ilihesabu kuwa machimbo yake ya dhahabu ya Namoya yameanza kazi ya biashara Januari 2016. Desemba 2017, ikilemewa na madeni, iliomba mahakama ya Kanada iikinge na wadai wake. Katika mpango wa mwaka 2018 hisa za zamani zilifutwa, na wenye hisa, wakubwa kwa wadogo, hawakupata kitu. Mwaka 2019 kazi ya Namoya ikasimamishwa kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Wenye hisa wadogo wa mbali walipoteza akiba zao, nasi tuwaonee huruma. Lakini huku kwetu wako waliopoteza mishahara, na wako wachimbaji wa mikono ambao mbele yake walitakiwa kuyaacha mashimo waliyokuwa wakila kwayo. Yule wa Toronto aliyekuwa akiuliza kila asubuhi, "Imepanda?" alikuwa na ndugu Kabambare asiowajua.

Basi mdogo aweza nini? Aweza mambo matatu. Aweza kuuliza kabla ya kutia fedha: kazi hii ni nini, maji haya huishia wapi, wafanyakazi hulipwa namna gani, deni ni kiasi gani? Asipopata jibu, aweza kutotia. Na akiwa amekwisha kutia, kisha akaona uovu, aweza kuusema wazi, na asiposikilizwa, kutoka. Mambo haya ni madogo, lakini hakuna tajiri awezaye kumnyang'anya.

Tena liko jambo la ulimi. Bei ya hisa huchukuliwa sana na maneno. Kijana huyu na wenzake wakibishana usiku, kila mmoja ana fungu lake mfukoni, na fungu hilo linanong'ona sikioni mwake. Aliye nazo ataka wengine wazisifu. Anayetaka kuzinunua rahisi aziponda. Kubishana si dhambi; kwa mabishano ya kweli mjinga hujifunza. Lakini anayezisifu kwa kinywa huku mkono wake unauza, huyo amevunja amri ya nane na ya saba kwa pigo moja. Wala asijifunike kwa maneno matakatifu, akisema, "Twawaokoa watoto na rovu," hali moyoni ahesabu faida tu. Iodini huponya shingo hata kama mwenye hisa ni mwongo. Haiuponyi uwongo wake.

Wiki iliyofuata nilimjibu mzee hivi: "Baba, mtoto wako hakutenda dhambi kwa kununua. Lakini mwambie fedha ya masomo ya wadogo zake isipande mtumbwi huo, maana mtumbwi waweza kuzama bila kosa la mtu. Mwambie aijue kazi ya kampuni yake kama unavyolijua shamba lako la mpunga. Mwambie aseme na wenzake kama asemavyo mbele ya Mungu. Faida ikija kwa njia hiyo, ile, ukamkumbuke na maskini."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Asante, Mwalimu. Mimi nami nina kosa. Kila akinipigia simu namwuliza neno moja tu, kama zimepanda." Akasimama kutaka kwenda, halafu akageuka. "Na chama chetu cha akiba hapa Nyangwe, ambacho wewe ndiwe mwandishi wake: fedha yetu mwezi huu mmemkopesha nani, naye aifanyia kazi gani?"

Wasomaji wapenzi, niliweza kumtajia majina na hesabu. Kazi sikuijua. Nimekuwa mwandishi wa chama miaka minne, nami nilikuwa nikiuliza tu kama wamelipa. Dominika ijayo baada ya sala tutakutana chini ya mwembe uleule, wanachama wote, nalo ndilo swali la kwanza nitakalolisoma.