Je, Samaki Aliyekauka Hukunjika?



Methali yetu inasema samaki mkunje angali mbichi. Tunaisema juu ya watoto, na kwa watoto ni kweli. Shida ni kwamba tumeigeuza ikawa hukumu kwa watu wazima. Mama wa miaka 50 akitaja kwamba angependa kujifunza gita, anajibiwa kwa methali hiyo. Mara nyingi hata hangoji kujibiwa. Anajijibu mwenyewe: "Hiyo ni ya vijana, mimi wakati wangu ulishapita."

Wiki hii nataka tuliangalie jambo hili vizuri, bila kulipaka sukari. Mtu mzima, mwenye karo ya kulipa na mwili unaochoka, ana haki ya kutumia saa zake kwa kitu ambacho huenda asikimudu kamwe? Ama huo ni ubatili tu wa mtu anayekataa kuzeeka?

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo acha nianze na hesabu. Darasani tulifundishwa kwamba kila saa unayoiweka mahali fulani, umeinyima mahali pengine. Kwa kipimo hicho gita la mtu wa miaka 52 ni mradi mbovu. Kijana wa miaka 12 akianza leo, ana miaka 50 ya kuvuna. Wewe una vidole vizito, macho yanayohitaji miwani, na dakika chache kati ya kazi na usingizi. Hakuna benki itakukopesha kwa mpango kama huo.

Lakini hesabu hiyo imeruka swali moja: faida tunayotafuta ni nini? Kama ni kuwa mpigaji hodari wa kulipwa, mradi umekufa kabla haujaanza. Kama ni kitu kingine, tunarudi mezani na kuhesabu upya.

Tusidanganyane kuhusu ugumu wenyewe. Gita la kawaida lina nyuzi sita. Nyuzi za chuma zinauma ncha za vidole, na maumivu hayo huchukua wiki kadhaa mpaka ngozi ikomae. Kuna zile kodi za kwanza, G, C, D na E ndogo (si kodi za KRA, hizi angalau unajichagulia mwenyewe). Ukizijua hizo nne unaweza kuimbia pambio nyingi tunazoimba hapa kanisani. Kuzishika si kazi sana. Kazi ni kuhama kutoka moja hadi nyingine bila wimbo kusimama kungoja vidole vyako. Halafu inakuja F, ambayo kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote sita kwa pamoja, na hapo ndipo watu wengi hurudisha gita ukutani.

Sasa, ni umri ndio unazuia? Kuna mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Gary Marcus, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha New York. Alianza kujifunza gita akikaribia miaka 40, na mwaka 2012 akatoa kitabu kuhusu safari hiyo. Swali lake lilikuwa hili hili letu: je, ubongo wa mtu mzima umeshafungwa?

Jibu moja zuri linatoka kwa bundi. Najua bundi kwetu si mgeni wa kukaribishwa, lakini hebu nivumilie. Bundi huwinda panya kwa kulinganisha anachosikia na anachoona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwavisha bundi miwani inayosogeza kila kitu upande mmoja. Bundi wachanga walizoea, wakapanga upya masikio na macho yao. Bundi wazima walishindwa. Methali imethibitishwa, utasema. Ngoja kwanza. Mwaka 2002 watafiti hao walionyesha kwamba bundi mzima akisogezewa kidogo kidogo, hatua ndogo baada ya nyingine, anajifunza kwa kiasi kikubwa kuliko akipewa badiliko lote kwa mpigo.

Kwa hivyo samaki aliyekauka hakunjiki kwa nguvu. Ukimkunja kwa pupa, anavunjika. Methali ya samaki inahitaji kusomwa pamoja na ile ya haba na haba hujaza kibaba. Mtoto anaweza kumeza kodi kumi kwa wiki. Wewe chukua mbili, ukae nazo mwezi mzima. Dakika ishirini kila jioni zitakufikisha mbali kuliko saa tatu za Jumamosi moja halafu kimya.

Sasa turudi kwenye faida. Naamini kinachomzuia mtu mzima si vidole hasa. Ni aibu. Ofisini unaitwa mkubwa, nyumbani unaitwa baba, hapa kanisani unaitwa mzee. Halafu unakaa mbele ya kijana wa miaka 17 anakwambia, "Mzee, legeza bega. Rudia tena." Na unarudia, na inatoka vibaya, na watoto wako wanasikia kutoka jikoni. Yule Marcus mwenyewe alifika mahali akajiunga na kambi ya muziki ya watoto, akapiga kwenye bendi yao. Hebu fikiria profesa mzima amesimama hapo.

Mimi nasema faida kubwa iko hapo hapo. Mtu aliyekaa miaka 20 bila kusahihishwa na yeyote anakuwa hatari kwa wanaomzunguka. Anasahau kujifunza kunauma. Anamkaripia mtoto kwa hesabu za darasa la tano kana kwamba yeye alizaliwa anazijua. Gita linamkumbusha. Baba anayepambana na F jioni hii atakuwa na subira zaidi kesho na mtoto anayepambana na sehemu. Na mtoto aliyemwona baba akishindwa na kurudia amepata somo ambalo mhubiri hawezi kumpa madhabahuni.

Lakini haki iwe pande zote. Kuna watu wakishajua kodi tatu wanaanza kudai nafasi kwenye timu ya sifa, na wakiambiwa bado, wanaona wamebaguliwa. Hapana, mpendwa. Vijana wale hufanya mazoezi wiki nzima, na kusanyiko lina haki ya kuimba bila kujikwaa. Haki ya kujifunza haikupi haki ya jukwaa. Anza sebuleni na kwenye ushirika wa nyumbani. Na kama pesa ya gita ndiyo pesa ya karo, karo itangulie. Gita la kuazima linafundisha kodi zile zile.

Tena usidharau nafasi ndogo. Kule Magharibi mwa Kenya kuna mtindo wa gita unaoitwa omutibo, uliojulikana sana kupitia George Mukabi, aliyefariki 1963. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene za besi, kidole cha shahada kinaimba juu, na pembeni kuna mwenzake anayekwaruza na kugonga chupa ya Fanta kushika mwendo. Watu hukumbuka jina la mpiga gita. Lakini toa ile chupa uone kama wimbo utatembea vile vile.

Wengi wakitafuta faraja hapa hukimbilia kwa Musa, aliyekuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao. Lakini Musa hakuambiwa ashike F. Mimi napenda zaidi ule mfano wa talanta katika Mathayo 25, na nausoma kama mtu wa biashara. Mwenye tano alizalisha tano, mwenye mbili akazalisha mbili, na wote wawili walipokea sifa ile ile, neno kwa neno. Yule wa moja hakulaumiwa kwa faida ndogo. Bwana wake alimwambia kwamba hata riba ya benki angeipokea. Kosa lilikuwa kufukia, na sababu ya kufukia, kwa kinywa chake mwenyewe, ilikuwa hofu.

Kwa hivyo kama una gita limekaa juu ya kabati, ama kinanda cha mtoto aliyehama, ama hata lugha uliyotamani kujifunza ukaambiwa umekauka, usijiulize utafika wapi. Jiulize unafukia kwa sababu gani. Kama ni karo, vumilia, wakati utafika. Kama ni aibu, jioni ya leo ishushe chini, ulipanguse vumbi, umtafute kijana wa kukufunza, na umwite mwalimu.