Cha Kumpa Mbwa

"Mpe mbwa." Katika nyumba nyingi za hapa Kalemie, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, amri hii hutolewa bila mtu hata kuinua kichwa. Unga umekaa karibu na ukuta unaovuja tangu mvua zilipoanza, umeshikana mabonge na unanuka: mpe mbwa. Gunia la mahindi lililowa botini, njiani kutoka Kigoma: mpikie mbwa. Karanga za chini ya kikapu zimefanya vumbi la kijani? Huyo huyo. Mbwa wa huku hula bukari (ugali) ya jana, vichwa vya samaki, na kila ambacho mama wa nyumba amekikataa kwa pua.

Hakuna anayekusudia ubaya. Tumelelewa kuamini kwamba tumbo la mbwa ni chuma, na kweli mnyama huyu hustahimili uozo mwingi ambao ungetulaza sisi kitandani. Lakini lile vumbi la kijani ni jambo jingine. Ni kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, na kuvu hao hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo Watanzania wameizoea kwa jina la sumukuvu. Moto wa jikoni hauimalizi. Ukipika bukari ya unga huo hadi mwiko ukushinde, sumu bado imo. Kazi yake ni kuharibu ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoshindwa nayo upesi: huacha kula, hutapika, macho na ufizi hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi.

Mwaka 1977 mbwa wengi walikufa kwa sumu hiyo Nairobi, Mombasa na Eldoret, nchini Kenya. Ni mbwa tu, mtu angesema. Mwaka 1981, wilayani Machakos, walioanguka safari hii walikuwa watu: 20 waliugua ini, 12 wakafa, na chanzo kilikuwa mahindi waliyoyahifadhi nyumbani. Kisha ukaja mwaka 2004. Makueni, Kitui, Machakos na jirani zao walihesabu wagonjwa 317 na vifo 125, kwa mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu. Sitaki kudai kwamba kama mbwa wa 1977 wangesikilizwa watu hao wangepona. Nasema tu kwamba mbwa na mwenye mbwa hula kutoka shamba moja, na mmoja wao hawezi kuuliza swali.

Sasa wako wanaodhani dawa ni kununua cha kiwandani. Kalemie vitu hivyo ni adimu, ila vinaonekana: biskuti zenye umbo la mfupa, vipande vya nyama iliyokaushwa, paketi yenye picha ya mbwa anayecheka. Mfanyakazi wa shirika la kigeni huja nazo kwenye sanduku, mfanyabiashara hurudi nazo kutoka ng'ambo ya ziwa. Aliyelipa pesa hizo zote huona amempandisha mbwa wake cheo.

Kiwanda nacho kina "mpe mbwa" yake. Mwaka 2005 kampuni ya Diamond Pet Foods ya Marekani ilitengeneza chakula cha mbwa kwa mahindi yenye aflatoksini katika kiwanda chake cha Gaston, South Carolina, na mbwa zaidi ya 100 walikufa. Mwishoni mwa 2020 hadithi ikajirudia kwa chakula kiitwacho Sportmix. Kufikia Januari 2021 vifo vilivyoripotiwa vilipita 110. Marekani kuna maabara, kuna wakaguzi, na bado hayo yalitokea.

Kisa cha kutisha zaidi ni cha Machi 2007. Kampuni ya Menu Foods ya Kanada iliondoa sokoni makopo na paketi zipatazo milioni 60 baada ya mbwa na paka kufa kwa figo. Ndani ya unga wa protini ya ngano ulionunuliwa China mlikuwa na melamini, kemikali ya kutengenezea sahani za plastiki. Ujanja ulikuwa hivi: maabara hupima protini kwa kuhesabu naitrojeni, na melamini imejaa naitrojeni. Ukiitia kwenye unga hafifu, kipimo kinasema unga ni bora. Mwaka uliofuata ujanja uleule ulifichuka kwenye maziwa ya watoto huko China: watoto wapatao 300,000 waliugua, sita wakafa. Tanzania na Burundi zilikuwa miongoni mwa nchi zilizofunga mlango kwa maziwa hayo. Hao ni majirani zetu wa ziwa. Bidhaa zinazotua Kigoma na Bujumbura ndizo zinazopakiwa kuja huku.

Na vile vipande vya nyama kavu, vya kuku na bata, ambavyo mwenye mbwa hugawa kama peremende? Tangu mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipokea malalamiko juu ya vipande hivyo, vingi vikiwa vimetoka China. Hadi Mei 2014 mbwa zaidi ya 5,600 walikuwa wameripotiwa kuugua na zaidi ya 1,000 kufa. Walipima metali, sumu za kuvu, dawa za kuua wadudu. Kiini hakikupatikana. Kwa maoni yangu, hilo ndilo linalopaswa kumtia woga mnunuzi wa Kalemie: ikiwa wenye vyombo vyote hivyo walishindwa, yeye atasoma nini kwenye paketi iliyofunguliwa na kugawanywa kwenye vifuko vya nailoni, bila tarehe wala jina la aliyeitengeneza? Marekani hiyohiyo, mwaka 2019, watu 154 waliugua kwa bakteria wa salmonela waliohusishwa na masikio ya nguruwe yaliyokaushwa kwa ajili ya mbwa kutafuna. Mtoto humpa mbwa kipande, halafu hukaa kwenye bukari na mkono uleule.

Mbwa hahitaji kitafunio. Kipande cha samaki kilichotolewa miiba, yai lililochemshwa, bukari ya unga mkavu usio na harufu: hivyo vinamtosha, na vyote umeviona vikipikwa. Akianza kugoma kula na macho yakapiga umanjano, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Gunia au paketi usiitupe jalalani kuku wakaifikia, wala usiiuze kwa bei ya chini. Ifunge, iweke kando, ukumbuke ilikuja na boti gani na nani alikuuzia. Halafu ulizia nyumbani nani mwingine amekula unga wa gunia lile.