Mazoezi ni kwa Ajili ya Nani?

Soma 1 Wakorintho 9:19–27.

Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Mtu wa Konde, kaskazini mwa Pemba, akitaka kuikimbia bila kuanguka njiani, hana budi kuanza maandalizi miezi mitatu au minne kabla. Atatoka alfajiri, kwa maana jua likishapanda kisiwani, pamoja na unyevu ule wa hewa, jasho humtoka mtu bila kumpoza. Barabara ipitayo msitu wa Ngezi ina kivuli. Kwingineko atakutana na vilima. Juma la kwanza kilomita tatu zinamtosha. Kisha ataongeza kidogo kidogo, na siku moja katika kila juma atakwenda mwendo mrefu kuliko siku nyingine zote, mpaka afike kilomita 17 au 18 bila kusimama. Moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, misuli hujifunza kuhifadhi wanga, na mifupa ya miguu, ambayo huchelewa, hukaza polepole. Tena mwili haujengeki wakati wa kukimbia bali wakati wa kupumzika. Asiyepumzika hujiumiza tu, jambo ambalo Waadventista hawapaswi kulishangaa.

Hayo yote ni mema. Lakini ni mema kwa namna gani? Je, kujitawala ni wema wenyewe, au ni chombo tu mkononi mwa mtu?

Mwizi naye hurauka. Mvunja nyumba hujinyima usingizi, huvumilia mbu gizani, hujizuia hata kukohoa. Mwenye tamaa ya mali hufunga mkanda miaka mingi, hanywi, hachezi, hapotezi senti. Kama kujinyima peke yake kungekuwa utakatifu, hao wangekaa viti vya mbele kanisani. Nguvu ya kujizuia haijatuambia lolote juu ya mtu mpaka tujue anajizuia kwa ajili ya nini.

Wala jambo haliishii kwa mwizi. Mwangalie mkimbiaji mwema, asiye na tamaa ya mali ya mtu. Ile saa yake ya alfajiri imetoka wapi? Nyumbani kuna maji ya kuteka, moto wa kuwasha, mtoto wa kuandaliwa kwenda shule. Msimu wa karafuu ukifika kuna kuchuma, kuchambua na kuanika, na mvua haimsubiri mtu. Yeye anarudi amelowa jasho, majirani wanamsifu barabarani kwa bidii yake, na mkewe amekwisha kufanya kazi ya watu wawili. Jioni analala mapema kwa sababu ya mazoezi ya kesho. Vyombo vinaoshwa na mtu mwingine. Basi kati ya hao wawili, ni nani aliyejinyima? Siku ya mbio medali itavikwa shingo moja tu.

Mafungu ya 24 hadi 27 husomwa mara nyingi peke yake, kana kwamba Paulo alisimama ghafla ili asifu michezo. Rudi nyuma usome mlango wote. Ni habari ya haki ambazo mtu anazo kweli, naye anaziacha. Paulo alikuwa na haki ya kula na kunywa, ya kusafiri pamoja na mke, ya kupata riziki kwa kazi ya kuhubiri (mafungu ya 4, 5 na 14). Hakuitumia, ili asiwawekee wengine kizuizi. Mlango wa 8 nao ulikuwa na jambo lilo hilo: chakula ambacho mwenye maarifa angeweza kukila, lakini dhamiri ya ndugu yake ingejeruhiwa. Ndipo anapomleta mkimbiaji. Wakorintho walimfahamu vema, maana michezo ya Isthmia ilifanyika karibu na mji wao kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Mkimbiaji yule alijizuia kwa ajili ya kichwa chake mwenyewe. Paulo anaazima nidhamu yake na kuliacha lengo lake. Hata fungu la 27 linaufanya mwili kuwa mtumishi, na mtumishi humtumikia mtu.

Yupo Mtanzania anayelifanya swali hili kuwa gumu zaidi. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka, akaumia vibaya goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa moja kabla Akhwari hajaingia uwanjani, akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Wakimbiaji 75 walianza. Yeye alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze tu, bali amalize.

Mtu darasani atauliza, na ana haki, iwapo ni halali kuutumia hivyo mwili ulio hekalu (1 Wakorintho 6:19). Mtu wa Konde anayetafuta medali yake mwenyewe, goti likivimba, na apande gari arudi nyumbani. Hapo hakuna la kubishania. Akhwari alikuwa amebeba watu wengine. Hata hivyo kutumwa hakuponyi goti, na darasa lisiharakishe kulifunga jambo hili.

Lililo jepesi zaidi ni la nyumbani, ingawa ndilo huachwa. Mkimbiaji anaweza kuuliza kabla ya kuanza mazoezi, si baada ya kuzoea, alfajiri zipi ni zake na zipi si zake. Anaweza kukimbia siku tatu badala ya tano na kuingia mashindanoni akiwa mzito kidogo. Atamaliza nyuma ya watu ambao angewapita, wala hakuna atakayejua sababu.

Kwa kujadili: Asubuhi moja mke wa mkimbiaji anasema, “Baba Fulani, na mimi nataka kukimbia.” Nani atateka maji?