Mche Namba 17

Mche namba 17 ulifanana na baba yake kuliko miche yote: shina jembamba, majani makali, na ukaidi wa kusimama wima wiki ile maji yalipokatika bandani na wenzake wakalala. Baba ni muwa-mwitu, Saccharum spontaneum. Mama ni muwa mnene wa kutafuna, Saccharum officinarum. Nilishaanza kuuita "chotara wangu" kabla ya kuupima.

Kupima ni lazima. Ua la muwa ni dogo mno na lina sehemu za kiume na za kike pamoja, hivyo mama anaweza kujichavusha kabla ya chavua tuliyomletea kumfikia. Sura nayo hudanganya: katika ndoa hii mama kwa kawaida humrithisha mtoto kromosomu zake zote 80, baba hutoa nusu tu ya zake. Basi tunatafuta kipande cha DNA alichonacho baba na mama hana. Kwenye jeli, chotara huonyesha mistari ya wote wawili. Namba 17 ulionyesha ya mama tu. Nikarudia. Ya mama tu.

Kitanda hakizai haramu, bibi alikuwa akisema kila watu walipoanza kulinganisha pua ya baba yangu mdogo na ya babu. Naupenda msemo huo. Haudanganyi kuhusu damu. Unalikataa swali, maana jibu lingemuumiza mtoto ambaye hakuchagua chochote.

Siku ile niliutamani maabara. Mche umevumilia kiu, nani angejua? Lakini muwa hauumizwi na jibu. Angeumia mtafiti mwenzangu, ambaye angeuzalisha kwa zaidi ya miaka 10 akitegemea damu ya porini, ile iliyoipa POJ 2878, muwa uliozalishwa Java mwaka 1921, ukinzani dhidi ya ugonjwa wa sereh.

Ninapogoma ni kwenye fomu. Ina safu mbili: "chotara wa kweli" na "chotara wa uongo". Jeli haikusema mche ni wa uongo. Ilisema baba hayumo, basi.

Nimekata maneno hayo kwa kalamu, nikaandika "si chotara". Kisha nikauhamishia mche nyuma ya banda na kuufunga kibandiko kipya: 17, mtoto wa mama. Wiki hii umetoa chipukizi la tatu.