Kosa Moja la Hasara

Soma Matendo 13:13, 15:36–40, 2 Timotheo 4:11.

Kijana wa duka huko Maramba akisahau saruji nje ikanyeshewa usiku kucha, je, tajiri wake amfukuze? Hasara hupima mali iliyopotea, haipimi moyo wa aliyeipoteza. Kusahau si kuiba. Hata kanuni za ajira za Tanzania za mwaka 2007 husema kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa ni zito mno. Paulo alikuwa na sababu ya kumkataa Marko, aliyewaacha Pamfilia. Lakini Barnaba alimchukua tena, na baadaye Paulo mwenyewe akamhitaji. Kama Barnaba naye angemkataa, Paulo angemwita nani?

Jadili: Ni kosa gani huvunja uaminifu hata likiwa la kwanza? Aliyekosea kwa kusahau arekebishwe vipi?